Mtoano Unapolalamikiwa: Dalili, Sababu na Tiba kwa Mashindano Madogo ya Roboti ya Wanafunzi

Malalamiko ya siku ya mashindano yanafanana kila mahali. Mzazi anauliza imekuwaje roboti iliyoongoza asubuhi nzima itolewe kwa mechi moja. Kocha anasema vijana wake wameitwa uwanjani kabla hawajabadilisha betri. Timu mbili zimelingana pointi na kila moja ina sababu yake ya kupita. Mwongozo huu unafuata malalamiko hayo moja moja. Umeandikwa kwa anayeandaa mashindano ya timu 6 hadi 16, uwanja mmoja au miwili, waamuzi wengi wakiwa wa kujitolea.

Kabla hujaulaumu mfumo wa mtoano, weka karatasi tatu mezani: ratiba yenye saa, kanuni ya kuvunja sare, na orodha ya mechi ambazo kila timu imecheza. Kasoro nyingi zinazosemwa ni za mfumo huonekana humo. Mojawapo ya karatasi hizo isipokuwepo, anza na hiyo, maana mfumo ambao haukuandikwa na kutangazwa mapema utaonekana wa upendeleo hata ukiwa mzuri. Na ukishapuliza kipenga cha mechi ya kwanza, mfumo haubadilishwi. Unachoweza kurekebisha siku hiyo ni ratiba, mapumziko na namna ya kutangaza. Mengine yote katika ukurasa huu ni ya kufanya kabla ya siku.

Dalili: Timu bora inatoka mapema

Kwanza uliza ilitokaje. Ilizidiwa mchezo, au roboti ilizimika uwanjani? Ni matatizo mawili tofauti.

Kama ilizidiwa, sababu inayoongoza ni kupanga mtoano kwa kura. Chukua timu 8, na tuseme mwenye nguvu hushinda kila mara. Roboti ya pili kwa ubora itafika fainali iwapo tu kura haikuiweka nusu moja na roboti ya kwanza. Kati ya nafasi 7 zilizobaki, 4 ziko nusu ya pili. Kwa hiyo ina bahati 4 kati ya 7, na bahati 3 kati ya 7 inatolewa kabla ya fainali bila kosa lolote. Tiba haina gharama: panga kwa nafasi walizopata katika mechi za awali. Wa 1 acheze na wa 8 na wa 4 na wa 5 upande mmoja. Wa 2 na wa 7, wa 3 na wa 6 upande wa pili. Wa kwanza na wa pili hawawezi kukutana kabla ya fainali.

Sababu ya pili ni mechi chache za awali. Kupanga kwa nafasi kunafaa pale tu nafasi zenyewe zinapoaminika, na mechi mbili au tatu za awali hazitoshi, hasa katika michezo ya miungano (timu mbili au zaidi zikicheza upande mmoja) ambapo timu hupangiwa mwenzake kwa bahati. Timu dhaifu iliyopangiwa wenzake wazuri mara mbili itaonekana ya nne. Ukiwa na dakika 40 za ziada, zitumie kuongeza mechi za awali kabla ya kufikiria kuongeza mechi za mtoano. Katika mashindano madogo mechi za awali ndizo zinazogusa kila mtoto aliyekuja.

Sababu ya tatu ndiyo watu huitaja ya kwanza: kila hatua kuamuliwa kwa mechi moja. Dawa inayopendekezwa ni mechi tatu, anayeshinda mbili apite. Inasaidia, ila kidogo kuliko inavyodhaniwa. Timu yenye uwezo wa kushinda mechi 60 kati ya 100 dhidi ya mpinzani wake itashinda mpangilio wa mechi tatu mara 65 hivi kati ya 100. Ikiwa uwezo wake ni 70, inapanda hadi 78. Umelipa muda maradufu au zaidi kwa faida hiyo, kwa hiyo pima kama muda huo hauna kazi bora zaidi.

Kama roboti ilizimika, dawa inayofaa zaidi ni mtoano wa nafasi mbili: anayepoteza mara ya kwanza anashuka mkondo wa chini, na anayepoteza mara ya pili ndiye anayetoka. Waya uliochomoka haumalizi siku ya watoto, na kila muungano unahakikishiwa mechi mbili. Wengi wanauogopa wakidhani unakula muda. Hesabu yake ni hii: kwa miungano 8, nafasi mbili zinahitaji mechi 14, au 15 fainali ikirudiwa, wakati mtoano wa kawaida wa mechi tatu una mapambano 7, yaani mechi 14 hadi 21. FIRST Robotics Competition (mashindano makubwa ya kimataifa ya roboti ya wanafunzi), iliyotumia mfumo wa mechi tatu kwa miaka mingi, ilihamia mtoano wa nafasi mbili wa miungano 8 mwaka 2023.

Simama hapa ikiwa mashindano yako yanapeleka washindi ngazi ya juu chini ya programu kubwa. Idadi ya miungano na mfumo wa mtoano huenda vimeshaandikwa kwenye kanuni zao, na matokeo ya mfumo uliojitungia yanaweza kukataliwa. Wasiliana na mwakilishi wa programu kabla hujatangaza chochote.

Dalili: Aliyepata 180 katoka, aliyepata 95 kapita

Dalili hii inakera kuliko zote kwa sababu namba ziko ubaoni na kila mtu anaziona. Sababu ni moja karibu kila mara: mchezo wenyewe si wa kukabiliana, na bado umewekewa mtoano. Roboti mbili zinafanya kazi kila moja upande wake, hazizuiani njia, hazigombei kifaa kimoja. Kuzipambanisha mbili mbili hapo hakupimi kitu ambacho orodha ya alama haikipimi, ila kunatupa sehemu ya taarifa uliyonayo.

Angalia kanuni za mchezo: je, roboti moja inaweza kuathiri alama za nyingine? Jibu likiwa hapana, achana na mtoano. Katika FIRST LEGO League (mashindano ya watoto ya roboti za LEGO) kila timu hucheza raundi 3 na alama yake ya juu kabisa ndiyo inayohesabiwa; timu ikikosea raundi moja bado ina mbili. Njia nyingine ni wastani. Mwaka 2015 FIRST Robotics Competition ilikuwa na mchezo ambao miungano ilivuka robo na nusu fainali kwa wastani wa alama, wala si kwa kumshinda fulani.

Chagua kati ya hizo mbili kwa kujua unatuza nini. Alama ya juu kabisa inamtia moyo anayejaribu jambo gumu, wastani unamtuza asiyetetereka. Kwa wanafunzi wanaoanza naona alama ya juu ina busara zaidi, kwa sababu mtoto hapaswi kuadhibiwa kwa kuthubutu. Ukitaka shamrashamra za fainali, chukua wanne wa juu, wape raundi moja ya ziada mbele ya watu wote, halafu ijumlishe na walichokuwa nacho.

Dalili: "Hatukupewa muda wa kupumzika"

Usilichukulie hili kama kisingizio. Mota zikicheza mechi mbili mfululizo huwa za moto bado, na nyingine hupunguza nguvu au kujizima zikizidi joto. Betri ya volti 12 iliyotoka tu uwanjani inaweza kuonekana nzima kwenye kipima volti, kisha ikaporomoka roboti inapoanza kupanda au kusukuma. Ukitaka kuona ratiba mbaya ikoje, simama kando ya meza ya timu iliyoitwa mara ya pili mfululizo: mmoja kashika bisibisi, mwingine anapuliza mota kwa kipande cha boksi, wa tatu anakimbia na betri ambayo taa ya chaja yake haijageuka kijani, na refa anahesabu.

Sababu inayoongoza ni mfuatano wa mechi. Hebu tuone mtoano wa nafasi mbili wa miungano 4, unaotumika sana kwenye mashindano madogo. Mechi ya 1 ni wa 1 na wa 4. Mechi ya 2 ni wa 2 na wa 3. Mechi ya 3 ni washindi wao, mechi ya 4 ni waliopoteza. Mechi ya 5 ni aliyepoteza ya 3 dhidi ya mshindi wa 4. Ya 6 ni fainali. Fuatilia kwa kidole: mshindi wa mechi ya 2 anaingia ya 3 bila pumzi. Mshindi wa 4 anaingia ya 5 vivyo hivyo, na mshindi wa 5 anaingia fainali akitoka kucheza, huku mpinzani wake amekaa tangu mechi ya 3. Muungano wa mkondo wa chini unaweza kucheza ya 4, ya 5 na ya 6 mfululizo.

Huwezi kuliondoa hilo kwa kupanga upya namba, kwa hiyo liondoe kwa saa. Weka mapumziko yaliyoandikwa kwenye ratiba kabla ya mechi ya 3, ya 5 na ya 6. Dakika 8 hadi 10 zinatosha kwa roboti nyingi. Tumia nafasi hizo kwa tuzo ndogo ndogo, na watazamaji hawatahisi pengo.

Sababu ya pili ni mapumziko yanayotolewa kwa anayeomba kwa sauti. Kocha mzoefu anajua kuomba, timu mpya haijui. Andika kiwango cha chini cha dakika kati ya mechi mbili za roboti ileile, na karani wa meza asiite timu kabla dakika hizo hazijatimia, iwe imeomba au haijaomba.

Sababu ya tatu ni chaja chache. Kabla ya siku, uliza kila timu ina betri ngapi. Yenye betri moja tu haitaweza mtoano wa haraka, na ni heri kulijua mapema.

Simama mara moja ukiona betri imevimba, inatoa harufu au moshi, au ni ya moto kiasi cha kutoshikika. Watoto wakae mbali nayo, isirudishwe kwenye chaja wala isibonyezwe irudi umbo. Mwite msimamizi wa usalama, na ikianza kuwaka ondoa watu ukumbini na uwaite zimamoto. Ratiba itasubiri.

Dalili: Muungano wa kwanza haushikiki

Katika michezo ya miungano ya roboti mbili mbili, timu za juu kwenye msimamo huwa manahodha na huchagua wenzao wa mtoano; nahodha wa kwanza akimchagua wa pili, mtoano umekwisha kabla haujaanza. Kwenye mashindano makubwa athari hii ni ndogo, maana wazuri ni wengi. Kwa timu 12 inaumiza.

Cheki kanuni ya uchaguzi kwanza. Pale miungano ina timu tatu, mzunguko wa pili wa kuchagua hugeuzwa: anayeanza mzunguko wa kwanza anakuwa wa mwisho katika wa pili, na nguvu inasawazika kidogo. Kwa timu mbili kwa muungano kuna mzunguko mmoja tu, hivyo hakuna cha kugeuza. Una njia mbili. Ya kwanza ni kukataza manahodha wa nafasi za juu, mathalani wanne wa kwanza, wasichaguane. Ya pili ni kuunda miungano ya timu tatu, mbili zikicheza kila mechi kwa zamu. Ninaipendelea ya pili kwenye mashindano ya timu 12: miungano 4, hakuna anayebaki nje, na ukiwa na roboti ya akiba hata tatizo la betri linapungua.

Ukichukua njia ya kwanza, jihadhari na timu inayoona faida kushika nafasi ya tano ili ichaguliwe na wa kwanza. Na kwa vyovyote, andika kanuni kwamba timu ikikataa mwaliko haiwezi kualikwa na muungano mwingine, ila inaweza kuwa nahodha ikiwa nafasi yake inaruhusu. Mashindano makubwa huitumia kwa sababu inazuia mipango ya pembeni.

Dalili: Timu inacheza kama haitaki kushinda

Sababu ya kawaida kabisa si hila. Roboti ina hitilafu, dereva ni mgeni, au timu inajaribu programu mpya katika mechi isiyo na uzito. Waulize kwa upole kabla ya kudhani lolote.

Ikiwa ni hila, mwandaaji ndiye aliyeifungulia mlango. Hutokea pale timu zinapojua kabla ya mechi ya mwisho kwamba kushika nafasi ya pili kwenye kundi kunampa mtu njia nyepesi kuliko ya kwanza. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012, jozi 4 za badminton ya wanawake, wachezaji 8, ziliondolewa mashindanoni kwa kutafuta kupoteza mechi za makundi ili zipangiwe vizuri kwenye mtoano. Kama wanamichezo wa kiwango hicho walivutwa na mpangilio, wanafunzi nao watavutwa.

Tiba ni kuhakikisha kila ushindi una faida. Usitumie makundi yenye njia iliyokwisha kuchorwa. Tumia msimamo mmoja wa timu zote. Au mpe aliyeongoza haki ya kumchagua mpinzani wake wa kwanza kutoka nusu ya chini. Anayeweza kuchagua hana sababu ya kushuka.

Simama hapa: mwamuzi wa kujitolea asimtuhumu mwanafunzi hadharani kwa kupoteza kwa makusudi. Jambo hilo ni la mwamuzi mkuu, faraghani, kocha wa timu akiwepo.

Dalili: Sare, na kila mtu ana hesabu yake

Kanuni ya "aliyemfunga mwenzake" inafanya kazi kwa timu mbili. Zikiwa tatu, A kamfunga B, B kamfunga C, C kamfunga A, umerudi mwanzo. Kwa hiyo kanuni moja haitoshi. Andika angalau tatu kwa mpangilio, ya mwisho ikiwa kitu kisichoweza kulingana, kama mechi fupi ya nyongeza au kura ya wazi.

Tofauti ya alama za kufunga na kufungwa ni rahisi kuhesabu, lakini inamtuza anayemdhalilisha mnyonge, na kwenye mashindano ya wanafunzi sioni sababu ya kuilea tabia hiyo. Katika VEX, mashindano mengine makubwa ya roboti ya wanafunzi, mojawapo ya vigezo vya kuvunja sare ni jumla ya alama za waliopoteza katika mechi zako. Ukimponda mpinzani asipate kitu, unajinyima mwenyewe. Kigezo kingine kizuri ni alama za sehemu ya kujiendesha, yaani roboti inapofuata programu bila dereva, kwa sababu kinapima kazi ya programu.

Ndani ya mtoano, amua mapema kama sare inarudiwa au inavunjwa kwa kigezo. Kurudia ni bora kwa moyo wa mchezo, ila kumbuka ile kanuni ya dakika za mapumziko.

Dalili: Idadi ya timu haigawanyiki

Kwa mtoano: idadi ya wanaopita raundi ya kwanza bila kucheza ni ile inayohitajika kufikia 4, 8 au 16. Timu 6 zinahitaji 2, timu 12 zinahitaji 4. Wape wa juu katika msimamo, kamwe si kwa kura.

Kwa mechi za awali za miungano ya wawili wawili, kila mechi inakula nafasi 4. Timu 11 zikicheza mechi 5 kila moja ni nafasi 55, haigawanyiki kwa 4, na timu moja italazimika kucheza mechi ya ziada isiyohesabiwa. Zikicheza 4 ni nafasi 44, mechi 11 kamili. Piga hesabu hii kabla ya kuchapa ratiba, na kama lazima iwepo mechi isiyohesabiwa, iweke alama kwenye karatasi ili timu husika iijue.

Dalili: Ratiba inavuta

Shika saa. Pima mechi tatu mfululizo, kuanzia kipenga cha moja hadi kipenga cha inayofuata. Mchezo wa dakika 2 na nusu huchukua 7 au 8 kwa uhalisia, na aliyepanga kwa dakika 5 ameshachelewa tangu asubuhi. Mechi 14 za dakika 8 ni dakika 112. Mechi 21 ni 168.

Kama muda ni mrefu zaidi ya hapo, kwanza angalia foleni: timu mbili zinazofuata ziwe zimeshasimama kando ya uwanja mechi ikiwa inaendelea, na awepo mtu mmoja mwenye orodha ambaye kazi yake ni hiyo tu. Kisha angalia kuhesabu alama. Uwanja usipangwe upya kabla nahodha wa kila upande hajakubali hesabu, hata kama mnachelewa. Dakika moja hapo inaokoa ishirini za mabishano.

Usikate mechi katikati ya raundi. Kama kanuni ulizotangaza zinasema ikifika saa fulani mechi tatu zinakuwa moja, anza na raundi inayofuata, kwa wote.

Dalili: Fainali imekwisha na watu hawajui bingwa nani

Ni ya mtoano wa nafasi mbili tu. Aliyetoka mkondo wa chini kashinda fainali, mpinzani wake kapoteza mara ya kwanza, na kila mmoja sasa ana doa moja. Ama unacheza fainali ya pili, ama unaifanya fainali iwe ya mechi tatu tangu mwanzo, kama wanavyofanya wakubwa. Mechi tatu inaeleweka kwa watazamaji bila maelezo. Iandike mapema, na uikumbushe kabla ya nusu fainali.

Dalili: Ubao unasema hivi, karatasi za refa zinasema vile

Sababu ya kawaida ni karani kuingiza alama za upande mwekundu kwa upande wa bluu. Linganisha karatasi ya mechi hiyo na ingizo lake, kisha mechi moja kabla na moja baada. Ikiwa ni kosa la kuandika, mwamuzi mkuu alirekebishe mbele ya manahodha wote wawili na kutia sahihi. Kosa likigunduliwa baada ya mechi inayofuata kuchezwa, mtoano usimame mpaka mwamuzi mkuu aseme nani alistahili kuwa uwanjani.

Kama mechi nyingi hazilingani, au programu ya matokeo imepoteza data, usiguse faili kwa mkono na usiiwashe upya kwanza. Nakili faili lilivyo, kusanya karatasi zote za refa mikononi mwa mtu mmoja, na mpigie anayeihudumia programu hiyo. Wakati anashughulika, mchezo unaweza kuendelea kwa karatasi na ubao wa chaki, ilimradi kila karatasi ina sahihi mbili.